Maji Hayahesabiki? Kaulizeni Newala

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita mjukuu wangu, ambaye mwaka huu ameanza kidato cha kwanza hapa Dar es Salaam, alinijia sebuleni na daftari lake la Kiingereza. Mwalimu amewapa kazi ya kufanyia nyumbani: maneno kumi, wayagawe mafungu mawili, nomino zinazohesabika upande mmoja na zisizohesabika upande wa pili. Tisa alikwisha kuyapanga. La kumi lilimkwamisha. Neno lenyewe lilikuwa "water".

"Babu," akaniuliza, "hivi maji yanahesabika au hayahesabiki? Maana pale bombani mama anahesabu."

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Swali hilohilo lilimponza mwenzangu mmoja akala viboko, yapata miaka sitini na mitano iliyopita, katika shule moja ya kati huko kwetu Newala. Tangu siku ile habari hiyo haijaniacha. Leo naomba niisimulie pamoja na mambo mengine ya kale yanayoihusu, kwa sababu naona kosa lililofanyika darasani kwetu bado linafanyika.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajafika Newala. Sisi tunakaa juu, kwenye uwanda wa Wamakonde. Ukisimama ukingoni, pale panapoitwa Shimo la Mungu, unaliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yako hadi ng'ambo ya Msumbiji. Ni pazuri pa kutazama. Si pazuri pa kupandia ukiwa na mtungi kichwani. Kwa maana juu kule ardhi ni nzuri kwa mihogo na mikorosho, lakini maji yako chini bondeni. Wazee walituambia kwamba babu zao walipendelea kukaa juu kwenye vichaka vizito kwa sababu ya hofu ya misafara ya watumwa na mashambulizi, na kwamba kiu ilikuwa bora kuliko mnyororo. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, aliweka kambi Newala na kuandika habari zetu, na suala hili la watu kuishi mbali na maji lilimshughulisha sana. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianza mradi wa kuyasukuma maji kwa pampu hadi juu. Lakini bomba halikufika kila kitongoji, na pampu ikilala, akina mama walirudi bondeni alfajiri na madebe yao.

Sasa turudi darasani. Nilianza darasa la tano mwaka 1959, na hapo ndipo Kiingereza kilipotukaba koo. Mwalimu wetu alikuwa na kitabu kimoja tu, akikishika kama askofu anavyoshika fimbo yake. Somo la kwanza la sarufi lilikuwa "noun". Tulikariri kwa sauti moja kwamba noun ni jina la mtu, mahali au kitu. Tulikariri mpaka wapita njia wakaijua. Kisha zikaja zile zinazohesabika na zisizohesabika, na mwalimu akataka kila mmoja atunge sentensi yake.

Mwenzangu tuliyekaa dawati moja, na ambaye tuliingia jandoni mwaka mmoja, akasimama. Akasema kwa Kiingereza chake cha miezi mitatu kwamba mama yake huleta "two waters" kila siku. Mwalimu akamwambia maji hayahesabiki. Yule bwana, badala ya kukaa, akajibu kwa Kiswahili, tena kwa adabu zote: "Mwalimu, kwetu tunayahesabu." Na kweli waliyahesabu. Madebe mawili kwa siku ndiyo yaliyopikia, yaliyonywewa na yaliyooshea watu wanane.

Alichapwa viboko vinne kwa kubishana na kitabu.

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Yeye mwenyewe alikuwa amefundishwa hivyohivyo. Lakini mjue kwamba siku zile maneno haya madogo yalikuwa na uzito wa jiwe. Mtihani wa darasa la nane ndio uliochuja nani aende Chidya au Ndanda au chuo cha ualimu, na nani arudi shambani au apande lori kwenda kukata mkonge. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa na sehemu ya sarufi, na sehemu ya sarufi ilianza na noun. Mwenzangu hakupita. Akaenda mkonge. Mimi nilipita, nikawa mwalimu, na kwa miaka mingi na mimi nikawakaririsha watoto wa watu kwamba maji hayahesabiki.

Nilikuwa nimekwisha kufundisha muda mrefu nilipoanza kujiuliza: hivi huku kwetu nani alianza kumfundisha mwenzake majina? Nikaanza kusoma vitabu vya zamani, na nilichokikuta kilinishangaza.

Mwaka 1864 alifika Unguja kasisi Mwingereza, Edward Steere, msomi wa sheria, mmoja wa watu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile tuliyozoea kuiita UMCA. Baadaye, mwaka 1874, akawa askofu. Kabla hajaweza kumfundisha mtu yeyote noun ya Kiingereza ilimbidi kwanza akae chini ajifunze za kwetu. Mwaka 1870 akachapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili, na humo akayagawa majina ya Kiswahili katika mafungu manane. Alikwisha kugundua kwamba kwetu neno halibadiliki mkiani kama Kiingereza, linabadilika kichwani: mtu, watu, mti, miti, kitu, vitu. Fungu la saba alilitenga kwa ajili ya neno moja peke yake, mahali. Hebu fikirini, darasa zima lenye mwanafunzi mmoja! Lakini hakuwa na namna nyingine, kwa sababu neno hilo lina tabia zake lenyewe, na Steere alikuwa mtu wa kuandika alichokisikia.

Unguja ya siku zile ilikuwa imejaa Wayao, Wamakua na Wamakonde waliofikishwa pale na biashara ya utumwa. Lugha za kusini zilisikika katika vichochoro vya mji kabla Mwingereza hajaiona Masasi. Mwaka 1871 Steere akatoa kitabu kidogo cha Kiyao, na mwaka 1876 kingine cha Kimakonde, kilichochapwa hukohuko Unguja. Sikilizeni vizuri mwaka huo. Novemba 1876 ndipo yeye mwenyewe alipofika Masasi kwa miguu kutokea Lindi, akiwa na kundi la watumwa walioachiwa huru, wakaanzisha makazi pale. Maana yake ni kwamba mwaka uleule misheni ilipokita mguu Masasi, majina ya Kimakonde yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa kwenye kitabu. Mtu alikuwa munu, watu vanu. Kitu chinu, vitu vinu. Sisi ndio tuliokuwa walimu, Mwingereza ndiye aliyekuwa mwanafunzi na daftari mkononi.

Baada yake akaja Chauncy Maples, kijana aliyefika Masasi mwaka 1877. Miaka miwili haikupita akawa ametoa kitabu kama hicho cha Kimakua, mwaka 1879. Mwaka 1882 Masasi ilishambuliwa na wale waliojulikana huku kama Wamagwangwara, watu wa Kingoni kutoka magharibi, na makazi yakavurugika. Maples akahamia Newala, kwa Matola, jumbe wa Kiyao. Akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kwenda Ziwa Nyasa, ambako alizama na kufa mwaka 1895, muda mfupi baada ya kupewa uaskofu. Kwa hiyo Newala ilipata kuwa na mwanasarufi wake miaka themanini hivi kabla ya sisi kukaririshwa, naye alikuwa mtu wa kuuliza. Alitaka kujua sisi tunasemaje.

Kutoka upande wa pili nitamtaja Cecil Majaliwa. Huyu alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetolewa utumwani na kulelewa na misheni Unguja. Alipelekwa Canterbury, Uingereza, kusoma, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa ukasisi kamili katika misheni hiyo. Alifanya kazi Chitangali, hukuhuku kwetu kusini, karibu na jumbe Barnaba Nakaam. Kiyao, Kiswahili na Kiingereza vyote vilikaa katika kichwa kimoja. Nadhani mtu wa namna hiyo angemaliza ubishi wa darasa letu kwa dakika tano.

Nimemtaja Matola, nimemtaja Nakaam. Hapa naomba nitoke nje ya barabara kidogo, kwa sababu majina haya mawili yanakigonga kile kitabu cha mwalimu wangu. Kitabu kilisema kwamba kuna majina ya kawaida na majina ya pekee, na kwamba jina la pekee ni la mtu mmoja tu na halina wingi. Sasa kwa Wayao, Matola alipofariki alirithiwa na mpwa wake, na mpwa akawa Matola. Nakaam naye hivyohivyo. Jina, ambalo kwa Kiyao ni lina, lilirithiwa pamoja na kiti, pamoja na heshima, pamoja na madeni. Weule alipofika mwaka 1906 alikutana na Matola ambaye si yule aliyempokea Maples. Je, hilo ni jina la pekee au ni jina la kawaida kama "askofu"? Sijapata kitabu cha shule kinachojibu.

Na watu wa mjini msituone sisi wa kusini kuwa tuna mambo ya ajabu, maana ninyi pia mmefanya jambo kama hilo. Wamachinga ni watu wa Lindi, kabila lenye ardhi na mababu. Vijana wa kusini walipoingia Dar es Salaam na kuanza kutembeza bidhaa mikononi, mji ukawapachika wote jina hilo, Mmachinga na Mngoni sawasawa. Leo hata kijana wa Kihaya anayeuza soksi Kariakoo ni machinga, kwa herufi ndogo. Wapo wajuaji wanaosema ati neno hilo limetoka kwenye Kiingereza. Waende Lindi wakawaambie Wamachinga wenyewe.

Habari ya herufi kubwa na ndogo inanikumbusha wazee waliosoma enzi za Mjerumani. Kijerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa, iwe mfalme iwe sufuria, na tena kila nomino ina jinsia yake: ya kiume, ya kike, au isiyo ya kiume wala ya kike. Mjerumani akaondoka na vita vile vya 1914 hadi 1918, akaingia Mwingereza ambaye sufuria yake ni ya herufi ndogo na haina jinsia. Mtu aliyekuwa ameanza kuzoea ya kwanza ilimbidi asahau. Kisha, Mwingereza huyohuyo akatuletea jinsia zake kwa mlango wa nyuma. Kitabu chetu kilikuwa na orodha ndefu: king na queen, bull na cow, fox na vixen. Tulikariri jike la mbweha wa Ulaya, sisi ambao kwa lugha zetu zote yeye ni yeye, awe mwanamume awe mwanamke.

Orodha zile zina asili yake. Sarufi ya Kiingereza ya mashuleni ilishonwa kwa kipimo cha Kilatini. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alitoa kitabu cha sarufi kilichotumiwa na vizazi vingi vya wanafunzi, na wengi waliofuata walimwiga. Neno "noun" lenyewe linatokana na Kilatini "nomen", yaani jina. Wayunani kabla yao walitumia neno lao la jina kwa kazi hiyohiyo. Waarabu nao wakasema "ism", jina: Sibawayhi, mwanasarufi mkubwa wa Kiarabu aliyefariki mwishoni mwa karne ya nane, aliyagawa maneno yote mafungu matatu, na kwa mfano wa ism akataja mtu, farasi na ukuta. Wenzetu waliosoma madrasa walikuwa na fundisho hilo kabla ya kuiona shule ya serikali. Wataalamu wetu walipotafuta neno la elimu ya lugha wakachukua "isimu", ambalo asili yake ni jina hilohilo. Sisi darasani tulisema "jina". Baadaye ikaingia "nomino", ambayo ni nomen ya Kilatini iliyovaa kanzu. Sina ugomvi nayo, ila mtoto akisikia "jina" anajua mara moja linazungumzwa nini, na akisikia "nomino" inabidi aambiwe kwamba maana yake ni jina.

Kuna na "ngeli", ambalo ni neno la kutajia mafungu ya majina yetu, na inasemekana limetoka kwa Wahaya likiwa na maana ya aina. Vijana wa mjini wakaligeuza, Kiingereza chenyewe sasa ndicho wanachokiita ngeli. Sijui walikuwa wanatania au la, lakini wamegusa jambo.

Maana sarufi ya majina ni kitu ambacho mtoto wa Newala, au wa Manzese, anacho kichwani kabla ya kuota meno ya pili. Mtazameni akisema "kitabu kile kikubwa kimoja kimepotea". Jina moja limeburuta sentensi nzima nyuma yake, na hakosei hata silabi. Mpeni neno geni mwone atakavyolitenda. Waingereza waliandika barabarani "keep left", mtu wetu akasikia ki, akasema kiplefti kimoja, viplefti viwili. Gari lilikuja na "mudguard", fundi akasikia ma, akajua huo ni wingi: madigadi mawili, digadi moja. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Huu ndio utajiri ambao mtoto anaingia nao darasani, halafu anaambiwa kwamba leo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, atajifunza nomino ni nini.

Kiingereza kwa upande wa majina ni maskini kidogo, nasema bila ubaya. Wingi wake karibu wote ni herufi moja, s. Na herufi hiyo, wasikilizaji, ndiyo iliyowapa taabu wazee wetu wa uwandani, ambao "sasa" yao ilikuwa "chacha", na mpaka leo mnatutania kwayo. Basi wingi wote wa Kiingereza ulikuwa umening'inizwa kwenye sauti ambayo bibi zetu hawakuwa na kazi nayo! Yaliyobaki ni mabaki ya kale: man na men, foot na feet, ox na oxen, child na children. Hayo hukaririwa tu, hakuna njia.

Lakini yapo mengine ambayo yangetufungulia mlango, na hakuna aliyetuonyesha. Kiingereza kina majina machache yasiyobadilika kabisa kwa wingi: sheep, fish, deer. Tulichapwa kwa kusema "sheeps". Sasa hebu yatazameni kwa Kiswahili. Kondoo mmoja, kondoo wawili. Samaki mmoja, samaki wawili. Paa mmoja, paa wawili. Matatu yote, kwa bahati tu, hayabadiliki na kwetu pia! Mwalimu angesema neno moja, "haya ni kama ya kwenu", tusingeyasahau mpaka kaburini. Au "advice", ambalo mpaka leo watu wenye shahada hulitia s. Kwetu ni ushauri, na ushauri hauna wingi. Unga hauna wingi. Ujinga hauna wingi. Yote hayo mtoto anayajua.

Na maji? Maji kwa Kiswahili yamo katika fungu la ma, fungu la wingi, pamoja na mafuta na maziwa, na umoja hayana. Hakuna anayesema "ji moja". Kimakonde ni medi, Kiyao ni mesi, na huko nako ni vivyo hivyo. Kwa hiyo hata sisi, maji yenyewe hatuyahesabu. Tunahesabu chombo: madebe mawili ya maji, ndoo tatu za maji. Mwingereza naye husema "two buckets of water". Lugha hizi mbili katika jambo hili zimekaa jirani kabisa, ila moja imeyaweka maji kwenye wingi na nyingine kwenye umoja. Mwenzangu alikuwa ameruka chombo tu, kama wewe unavyoruka ukifika dukani ukasema nipe maji mawili, na muuzaji akakupa chupa mbili bila kukuita mjinga.

Mwalimu angeweza kuyaeleza haya kwa robo saa. Tatizo ni kwamba kuyaeleza kungembidi akiri kwamba lugha ya mama yake yule mtoto ina sarufi, na siku zile, na pengine siku hizi pia, hilo halikuwa jambo la kukiri darasani. Steere alilikiri mwaka 1870. Maples alilikiri mwaka 1879. Sisi wenyewe, waalimu weusi wa miaka ya 1950 na 1960, tulikuwa tumelisahau.

Najua wapo watakaosema, mbona kuna waliofaulu? Naam, wapo. Marehemu Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, akasoma Pugu, akahitimu Makerere mwaka 1962 katika somo la Kiingereza, akahariri magazeti kabla ya kuwa Rais. Tunajivunia. Lakini kwa kila mmoja wa namna hiyo, wangapi waliachwa kwenye mkonge kwa ajili ya herufi s?

Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki somo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ikapendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari. Serikali haikukubali. Matokeo yake mjukuu wangu amesoma sayansi na hisabati kwa Kiswahili miaka saba, na mwezi Januari akaamka akakuta kila kitu kimegeuka. Sisemi Kiingereza kiondolewe, mimi kimenilisha. Ninachosema ni kwamba noun bado inaingia darasani kama mgeni asiye na ndugu humu nchini, na mtoto bado anaambiwa akariri.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, nilikuwa katika hoteli moja hapa mjini kwenye mkutano. Meza ya jirani walikaa Waingereza wawili, watu wazima, wenye lugha yao. Mhudumu alipofika, mmoja akaagiza chakula, kisha akasema, wazi kabisa, "and two waters, please". Niliweka kijiko chini. Mhudumu akaleta chupa mbili. Hakuna aliyechapwa. Nilipofika nyumbani nikafungua Biblia ya Kiingereza, ile ya tafsiri ya kale ambayo ilikuwa kwenye rafu ya shule yetu siku zote nilizosoma pale, na katika ukurasa wa kwanza kabisa, kwenye habari za kuumbwa kwa dunia, nikalikuta neno "waters", lenye s yake.

Nilimpelekea mwenzangu habari hizo mwenyewe, Newala, nilipokwenda kwenye msiba wa shangazi. Alikuwa amerudi kutoka mkonge zamani, ana mikorosho yake na wajukuu, na alikuwa amejifundisha Kiingereza cha kutosha kusoma barua za ofisini. Tulikaa kwenye mkeka barazani. Nikamweleza yote, habari ya hoteli, habari ya Biblia, habari ya Steere na mafungu yake manane. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ndugu yangu, basi wanirudishie viboko vyangu vinne. Hivyo vinahesabika."

Amefariki mwaka juzi. Mjukuu wangu nilimwambia aandike kwamba maji hayahesabiki, kwa sababu alama anazitaka, halafu nikamsimulia habari za mtu huyu. Hakuandika mpaka nilipomaliza.